Kabati la Bafuni



Wapendwa wasikilizaji, katika sura ya 23 ya Injili ya Mathayo tunamwona Bwana wetu akiwakemea waandishi na Mafarisayo waliosugua kikombe kwa nje na kuuacha uchafu ndani. Nimehubiri juu ya sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara niliielekeza kwa wengine: kwa wanasiasa, kwa wafanyabiashara na, Mungu anisamehe, kwa wazee wa halmashauri ya parokia. Leo nawaomba mnivumilie niwaeleze habari za kabati moja la bafuni.

Mama yetu alipotimiza miaka 70, mimi na dada yangu tulichanga fedha tukamtengenezea bafu nyumbani kwake Dodoma. Tuliweka vigae, sinki jeupe, kioo kikubwa ukutani, na chini ya sinki kabati la mbao lenye milango miwili. Mama alilipenda mno. Maji ya kule yana chumvi, nayo huacha ukoko mweupe kwenye bomba. Yeye aliuondoa kila Jumamosi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya ndimu. Kila nilipokwenda likizo nilinawa uso pale, nikajitazama katika kioo kisicho na doa, na moyoni nikaridhika kwamba mimi ni mwana niliyetimiza wajibu. Milango ya chini sikupata kuifungua hata siku moja.

Mama alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka 77. Baada ya arobaini tulirudi kusafisha nyumba. Dada alitandika kanga kuukuu sakafuni, tukaanza kutoa vitu kimoja kimoja. Kulikuwa na vipande vya sabuni, miswaki iliyochakaa, nyembe zenye kutu, na chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa. Kulikuwa na vidonge vya klorokwini, dawa ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria tangu mwaka 2001. Kulikuwa na nusu ya dozi ya dawa ya kuua vijidudu, iliyoachwa bila shaka siku homa ilipopungua. Hatimaye, nyuma kabisa, tukakuta kopo la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na pakiti tisa za vidonge vya presha, hazijaguswa.

Tulilinganisha na daftari lake la kliniki. Vidonge vilivyopaswa kumezwa kila siku, yeye alikuwa akivimeza siku moja na kuviacha siku mbili. Jirani yake ndiye aliyetueleza sababu. Mama alimwambia, “Watoto wamegharimika na bafu. Nikiweka akiba, sitawaomba tena fedha ya dawa.”

Sisemi kwamba hilo peke yake ndilo lililomwua. Mimi si daktari. Lakini twajua kwamba presha aghalabu haiumi, na kwamba anayeacha dawa kwa kuwa anajisikia mzima hujiweka katika hatari kubwa. Mimi nilimnunulia kioo, wala sikumwuliza bei ya vidonge. Nilikaa juu ya ukingo wa bafu, na dada akaendelea kufuta rafu peke yake.

Wapo wanaodhani kwamba kutegemea dawa ni upungufu wa imani. Na wasome Yoshua bin Sira, sura ya 38, kitabu ambacho Biblia za ndugu zetu wengi Waprotestanti hazinacho: humo tunafundishwa kwamba Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, na mwenye busara hazidharau.

Basi, ndugu zangu, leo baada ya chakula cha mchana fungueni makabati yenu. Anayeishi na mzazi mzee amwombe ruhusa kwanza, kwa upole, maana kabati ni siri ya mtu. Toeni kila kitu nje. Ukipanga vitu vikiwa ndani utahamisha takataka kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Someni tarehe iliyoandikwa kwenye kila dawa. Iliyopita muda wake msimpe jirani wala msiitupe mahali watoto wachezapo, bali ipelekeni kwa mfamasia au kwenye zahanati, mwulize jinsi ya kuiteketeza. Mabaki ya dawa za kuua vijidudu msiyatunze kwa ajili ya homa ijayo. Alexander Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini, alionya mwaka 1945 alipohutubia kwa ajili ya Tuzo ya Nobel kwamba dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Mafuta ya taa yasikae kamwe katika chupa ya soda: mtoto mwenye kiu hasomi, huona soda tu.

Mkiosha rafu kwa maji na sabuni, yatosha. Mkitumia Jik, msiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kuwaua askari katika vita mwaka 1915, na bafu dogo lisilo na dirisha halina pa kukimbilia. Acheni milango wazi mpaka mbao zikauke. Kisha rudisheni sabuni, miswaki na vitana, lakini dawa msizirudishe. Bafuni kuna joto na mvuke, navyo huziharibu. Zinataka mahali pakavu, pasipo jua, juu kuliko mkono wa mtoto.

Dada yangu ndiye akaaye sasa katika nyumba ile. Yeye naye, tangu mwaka jana, ana presha. Dawa zake ziko chumbani, katika sanduku lenye kufuli. Kila Jumapili jioni, nikishamaliza Masifu, humpigia simu na kumwuliza zimebaki ngapi na zinauzwaje. Mwanzoni alikasirika. Jumapili iliyopita alinijibu kabla sijauliza: “Kumi na moja, Kaka Padre. Na fedha ya pakiti nyingine sina.”