Mgombea wa Bunge na Haki ya Mnyonge
(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wanachama waliokutana Muze)



Nimeagizwa na Halmashauri yetu niseme maneno machache juu ya mtu yule atujiaye kila baada ya miaka mitano, akisema kwamba ataka kwenda Bungeni ili wanyonge wapate haki yao. Simtaji mtu aliye hai, wala sikuja kumpigia mtu kampeni, maana kazi yetu yatukataza, na wengi wetu ndio tutakaokaa mezani siku ya kura tukiwa tumekwisha kuapa kutunza siri. Walakini kukatazwa kupiga kelele si kukatazwa kufikiri, nami nadhani mtumishi asiyefikiri juu ya jambo hili ni hasara kwa jirani zake, kwa kuwa jirani humjia usiku kumwuliza, "Bwana karani, wewe uliyesoma, huyu asemayo ni kweli?"

Chama cha watumishi Waafrika si kitu kigeni katika nchi hii. Mwaka 1922 Martin Kayamba na wenzake walianzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, wakikutana kwa michezo na kusoma magazeti, tena kwa kupeleka shauri zao kwa wakubwa kwa adabu. Mwaka 1929 ikaanza African Association mjini Dar es Salaam, na humo pia makarani na waalimu walikuwa nguzo. Kisha mwaka 1953 Serikali ya Kiingereza iliwakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa, hata TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 wengi waliotamani kuingia walisimama mlangoni. Ilimpasa Mwalimu Nyerere achague kati ya shule na chama, naye akaacha ualimu wa Pugu mwaka 1955. Nayasema haya kwa sababu wako vijana wadhanio kwamba siasa na ofisi zilianza kutazamana kwa shaka juzi tu.

Sasa tuutazame uchaguzi wa kwanza wa nchi nzima, ule wa 1958 na 1959, uliojulikana kwa jina la kura tatu. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, na Mzungu mmoja, na asiyefanya hivyo karatasi yake ikaharibika. TANU ilikutana Tabora mwezi wa Januari 1958 kushauriana kama iingie katika uchaguzi wa namna hiyo ama iususie, na baada ya mabishano makali ikakubali kuingia, ikashinda. Habari hiyo yajulikana shuleni. Isiyosemwa sana ni habari ya nani aliyeruhusiwa kupiga kura. Mtu hakuwa mpiga kura kwa kuwa mwenyeji na mtu mzima tu. Sharti awe amefika darasa la nane, ama awe na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, ama awe ameshika cheo fulani kilichotajwa katika sheria. Katika nchi yenye watu mamilioni, walioandikishwa hawakufika laki moja.

Nawaomba wanachama walitazame jambo hili bila kujivuna. Kwa sheria ile karani alikuwa ndani, na baba yake alikuwa nje. Mzee aliyelima ulezi juu ya uwanda wa Ufipa, akauza na mbuzi wake apate ada ya mwanawe, mwanawe akasoma hata darasa la nane, mzee huyo hakuwa na kura. Mwanawe alikuwa nayo. Na mama je? Mama ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote, maana shule haikumpokea, na mapato ya paundi 150 angeyatoa wapi? Basi mtu akituambia leo kwamba wasomi wapewe neno kubwa zaidi katika mambo ya nchi kwa kuwa wanafahamu, tujue kwamba shauri hilo lilikwisha kujaribiwa, na matunda yake yalikuwa kuwatenga wale wale waliotusomesha.

Uchaguzi wa 1965 ulikuwa wa namna nyingine kabisa, nami nakiri kwamba waupendeza moyo wangu kwa sehemu moja na kuuchukiza kwa sehemu nyingine. Chama kilikuwa kimoja tu. Katika majimbo mengi Halmashauri Kuu ya TANU iliweka wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye aweze kuchagua. Wote wawili walisimama juu ya jukwaa moja, mkutano mmoja, wakasema kwa Kiswahili, wakakatazwa kutaja kabila, dini, wala rangi. Hapakuwa na mwenye magari kumi na mwenziwe kwenda kwa miguu, kwa sababu safari zao zilipangwa pamoja. Na matokeo yake yalishangaza: hata Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa katika jimbo lake. Sehemu inayochukiza ni dhahiri: mtu aliyetaka chama kingine hakuwa na pa kwenda, na majina yalikuwa yamekwisha kuchujwa na wakubwa kabla hayajafika kwa mkulima. Mizani ilikuwa sawa, lakini aliyechagua bidhaa za kuwekwa juu yake alikuwa mmoja.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa vyama hivyo ukafanywa mwaka 1995, uhuru wa kuchagua uliongezeka. Nayo fedha ikaingia ikakaa barazani. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ikaingizwa habari ya takrima: yaani kitu ambacho mgombea anawapa watu kwa nia njema kuwa ukarimu wa desturi kisihesabiwe kuwa rushwa. Mabwana, neno hili ni zuri sana katika lugha yetu. Takrima ni heshima ya mgeni, ni maji ya kunawa na kiti cha kukalia. Lakini nani aliyepata kuona mgeni anayekuja nyumbani kwako kukukirimu wewe mwenyeji, kwa sukari na pombe na kanga, wiki mbili kabla ya kura, na asionekane tena mpaka miaka mitano ipite? Vyama vya haki za watu vikaipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 majaji wakaitangua. Walisema kwamba yambagua mgombea asiye na mali mbele ya mwenye mali, tena hapana ajuaye mpaka wa takrima na rushwa uko wapi. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi, yenye kuweka kikomo cha fedha za kampeni. Sheria ziko. Je, pombe imekwisha?

Katika uchaguzi mmoja uliopita nilimsikia mgombea mmoja hapa Muze, siku ya mnada. Alikuja kwa pikipiki ya kuazima, amejaa vumbi la mteremko, akasimama chini ya mwembe akaanza kunena juu ya haki. Alinena vizuri. Akataja mama wanaojifungulia njiani kabla ya kufika hospitali ya Sumbawanga, akataja kipindupindu kilichowahi kuwaua watu bondeni kwa kunywa maji ya mito, akataja ugomvi wa mkulima wa mpunga na mchunga ng'ombe. Watu walikuwa kimya. Ndipo mzee mmoja akainuka na fimbo yake, akamwambia, "Mwanangu, maneno yako tumeyasikia. Umetuletea nini?" Akajibu, "Mzee wangu, shikamoo. Sikuleta kitu. Nikikupa kilo ya sukari leo, nitakuwa nimekununua kwa kilo ya sukari, na ukija kunidai dawa ya mjukuu wako nitakuambia nilikwisha kukulipa." Wengine walicheka, wengine waliondoka. Mimi nilimkumbuka Esau, aliyeuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Tena Esau alikuwa na njaa kweli, na mwenye njaa si wa kulaumiwa sana kama yule mwenye chungu.

Kura za bwana yule hazikutosha, wala sitasema kwamba ni kwa sababu ya sukari tu. Alikuwa na kosa lake. Baada ya kukataa kutoa sukari, akaanza kutoa ahadi: atajenga barabara, atafuta ushuru, atawaondoa wanunuzi wadanganyifu. Ahadi ya namna hiyo ni takrima ya maneno. Haimgharimu aitoaye, na aipokeaye hawezi hata kuitia katika chai.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hili ndilo tuwezalo kuwaeleza jirani zetu bila kuvunja masharti ya kazi. Mbunge hajengi barabara. Katiba, katika ibara ya 63, yampa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali: kuwauliza mawaziri maswali, kujadili mipango, kupitisha matumizi ya fedha, na kutunga sheria. Ibara ya 99 yamzuia mbunge kupeleka kwa mkono wake muswada wa kutoza kodi ama wa kutoa fedha katika hazina; jambo hilo ni la Serikali. Uko Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, nao ni mfuko mdogo. Waweza kuezeka darasa, hauwezi kuushinda mteremko wa Lyamba lya Mfipa. Aliyeshuka barabara ya Ntendo–Muze wakati wa masika, akiutazama upande wa bonde na moyo ukimpiga, aelewa kwamba njia ile yataka fedha za taifa. Basi swali la kumwuliza mgombea si "Utatujengea barabara?" Swali ni "Utamwuliza waziri gani, na akijibu kwa maneno laini utafanya nini?" Tena mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani katika halmashauri yetu. Aweza kuomba hesabu za dawa na za madawati kwa macho yake mwenyewe. Wangapi huhudhuria?

Jimbo letu la Kwela si geni kwa mambo haya. Marehemu Chrisant Mzindakaya, aliyeliwakilisha kwa miaka mingi na kufariki mwaka 2021, alijulikana nchi nzima kwa maneno yake Bungeni, hata watu wakayaita mabomu. Mtu aweza kumsifu au asimsifu kwa mambo mengine; lakini alionyesha kwamba sauti itokayo katika jimbo la mbali, lisilo na reli, yaweza kuwafanya mawaziri wakose usingizi.

Nachukua mfano wa mpunga, kwa kuwa mpunga ndio chakula chetu na ada ya watoto wetu. Mnunuzi huja na gunia lake, akalijaza, kisha akalishonea kilemba juu. Ndiyo lumbesa. Gunia likipita kilo 100, tuseme limefika 120, mkulima hulipwa gunia moja, na kilo 20 ni zawadi yake kwa tajiri. Akiuza magunia kumi amekwisha kutoa magunia mawili bure. Mambo ya vipimo yana sheria yake, Sura ya 340, na lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi kwa vinywa vya wakubwa. Kinachokosekana ni mizani shambani. Mtu aliyevunwa namna hii hahitaji sheria mpya. Ataka mtu wa kusimama Bungeni na barazani aulize mizani ya vijiji vya bondeni iko wapi, na akaulize tena mwaka ufuatao.

Ushuru nao ni vivyo hivyo. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hata asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mwenye mzigo usiozidi tani moja akaruhusiwa kuupitisha kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila kutozwa. Nimeona mtu akitozwa magunia matatu njiani, naye hakujua kwamba aliyemtoza hakuwa na haki. Mgombea asemaye "nitafuta ushuru" na asijue sheria hii ilivyo, ataka kuvunja mlango uliokwisha kufunguliwa nusu.

Liko jambo la mwisho, la mtu asiye na chama. Katiba yetu yataka mgombea wa ubunge apendekezwe na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga kanuni hiyo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 1994. Katiba ikabadilishwa mwaka ule ule kuizuia hukumu. Akashinda tena mwaka 2006, akashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona mgombea binafsi hata mmoja. Wako wanachama wasemao kwamba mgombea binafsi ataleta vurugu. Mimi namfikiria mwalimu mkuu mstaafu aheshimiwaye na vijiji vyote vya bondeni, asiyependa bendera yoyote. Sioni vurugu atakayoleta.

Bwana Katibu ameniletea karatasi tatu za maswali. Kwa lile la kwanza, kama mtumishi aweza kwenda kusikiliza mkutano wa mgombea: kusikiliza baada ya saa za kazi ni haki yake kama raia, asiende kwa gari la Serikali, asivae sare ya chama kazini, wala asiwapangie walio chini yake wa kumchagua. Lile la pili, juu ya mizani, naliacha kwa bwana wa kilimo aliye hapa nasi, kwa kuwa alijua kuliko mimi. La tatu halikutiwa jina, nalo lauliza ni nani nitakayempigia kura mimi mwenyewe. Karatasi hiyo nimeikunja.