Mazoezi ya Kufundisha katika Muundo wa Shahada ya Ualimu: Nani Anamfundisha Mwalimu Kazi Yake?

Mada kwa warsha ya mapitio ya mitaala ya shahada za ualimu

Utangulizi

Nimeombwa nieleze muundo wa shahada ya ualimu katika vyuo vikuu vya Tanzania, ili mjadala wetu uanzie mahali pamoja. Muundo wenyewe nitaupitia kwa haraka, kwa kuwa wengi waliomo humu ndio waliouandika. Sehemu kubwa ya mada nimeitenga kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo huyaita fildi, kwani naamini udhaifu wa programu nzima umejificha humo. Ninayoyasema si msimamo wa idara wala wa chuo chochote. Hayakusudii pia kumlaumu mratibu au msimamizi yeyote, maana wengi wao wanafanya kazi kubwa kwa fedha kidogo na muda mfupi.

Muundo kwa ufupi

Mwalimu wa shahada hapa nchini huandaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya sambamba: mwanachuo anasoma masomo ya kufundishia, kwa kawaida mawili, pamoja na kozi za ualimu tangu mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Hiyo ndiyo njia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya vyuo vyake vishiriki vya Chang'ombe na Mkwawa vilivyoanzishwa mwaka 2005, ya Chuo Kikuu cha Dodoma na ya vyuo vingine vingi, vya umma na vya binafsi. Ya pili ni ya mfuatano: mwenye shahada ya fani fulani anarudi kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Ndani yake mna masomo ya kufundishia, kozi za misingi ya elimu kama saikolojia, falsafa na sosholojia, kozi za mitaala, mbinu na upimaji, kisha mazoezi ya kufundisha. Hayo tunayajua sote.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mafungu hayo hayana nguvu sawa chuoni. Masomo ya kufundishia yana idara zake, maprofesa wake na sauti yake katika Seneti. Kozi za ualimu nazo zina wenyewe. Mazoezi ya kufundisha yana mratibu mmoja na bajeti inayosubiriwa hadi wiki ya mwisho. Mtaala unapopitiwa, kila idara hupigania krediti za kozi zake, lakini krediti za fildi hazina mpiganaji kwa sababu zikipungua hakuna mhadhiri anayepoteza kozi. Kwa hiyo mapitio huja na kupita, kozi zinabadilishwa majina, mpya zinaingizwa, na ibara ya mazoezi ya kufundisha inanakiliwa kama ilivyokuwa.

Hesabu ya fildi

Tufanye hesabu, tena kwa ukarimu. Vyuo vingi hutenga kati ya wiki sita na nane kwa kila awamu, na awamu ni mbili, mwishoni mwa mwaka wa kwanza na wa pili. Tuchukue kiwango cha juu, wiki nane mara mbili. Tuseme mwalimu tarajali amepangiwa vipindi 10 kwa wiki, kila kimoja dakika 40, na hakuna hata kimoja kilichopotea kwa kuchelewa kwa ratiba, mitihani ya majaribio au likizo fupi. Kwa wiki 16 atakuwa amefundisha vipindi 160, yaani saa 107 hivi. Krediti 360 ni saa 3,600. Muda wa kusimama mbele ya wanafunzi ni chini ya asilimia 3 ya shahada ya mtu ambaye kazi yake ni kusimama mbele ya wanafunzi. Hata tukimhesabia saa tatu za maandalio na usahihishaji kwa kila saa ya kufundisha, bado hatufiki asilimia 12.

Hata hivyo urefu wa muda si kiini cha hoja yangu. Tukiongeza wiki bila kubadili yanayofanyika ndani yake, tutakuwa tumerefusha upweke wa mwanachuo. Kiini ni swali lililo katika kichwa cha mada hii: katika wiki hizo, nani anamfundisha kazi? Msimamizi kutoka chuoni humtembelea mara chache. Akija mara mbili kwa awamu na kukaa vipindi viwili kila mara, kwa shahada nzima atakuwa amemtazama saa tano na dakika 20. Ana fomu mkononi: andalio la somo, azimio la kazi, zana, matumizi ya ubao, sauti, lugha, ushirikishwaji wa wanafunzi. Anajaza alama, anatoa ushauri wa dakika chache, kisha gari linamsubiri kumpeleka shule inayofuata. Si ajabu mtaalamu wa historia kukaa nyuma ya darasa la kemia na kushindwa kutambua kwamba maelezo yaliyotolewa kwa sauti nzuri na kwa zana nzuri yamewapotosha wanafunzi. Ziara ya namna hiyo ni mtihani. Mafunzo hayawezi kupatikana humo, na mtihani wa somo ambalo hakuna aliyelifundisha hauna uhalali mkubwa wa kitaaluma.

Mtu pekee anayeweza kumfundisha ni mwalimu wa somo pale shuleni, naye ndiye tuliyemwacha nje ya muundo. Katika shule nyingi za kata, hasa kwa sayansi na hisabati, mwalimu huyo ameelemewa na vipindi. Mwalimu tarajali anapofika huwa nafuu: anakabidhiwa madarasa na chaki, na mwenye somo anahamia kwenye kazi nyingine zilizomsubiri. Hatuwezi kumlaumu. Hakuna aliyemwambia kuwa yeye ni mkufunzi, hakupewa mwongozo wala semina, halipwi kwa kazi hiyo, na maoni yake hayana uzito unaoeleweka katika alama ya mwisho.

Kwa nini mwalimu huyo ni wa lazima? Lee Shulman alieleza mwaka 1986 kwamba kuna maarifa ya kufundisha somo mahususi yasiyopatikana kwa kulijua somo peke yake, wala kwa kuzijua mbinu za jumla za ufundishaji. Tuchukue ngeli za nomino katika Kidato cha Kwanza. Mwanachuo wetu anaweza kujadili vizuri kama ngeli zipangwe kwa maana au kwa upatanisho wa kisarufi, na amefaulu pia nadharia za ujifunzaji. Darasani anakutana na wanafunzi wanaoandika "gari yangu" kwa sababu ndivyo wanavyosikia kituoni, sokoni na redioni. Akiweka alama ya kosa na kuendelea, kesho wataandika vilevile. Namna ya kuanzia kwenye usemi wao hadi kwenye lugha sanifu, mifano gani itangulie, kosa lipi livumiliwe kwa muda na lipi lisivumiliwe, anayajua mwalimu aliyelifundisha somo hilo mwaka baada ya mwaka. Maarifa hayo katika muundo wetu yanaangukia kati ya idara mbili na hayana mwenyewe.

Itasemwa kwamba kabla ya fildi tunayo mazoezi ya kufundishana wenyewe kwa wenyewe chuoni. Utaratibu huo ulibuniwa Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960, na nguvu yake ilikuwa katika mzunguko: somo fupi kwa kikundi kidogo, uchambuzi wa papo hapo, kisha mwanafunzi anafundisha tena baada ya kusahihishwa. Kwa madarasa yetu yenye mamia ya wanachuo, kila mmoja akipata dakika zake mara moja tu, hatua ya kufundisha tena hutoweka, na hiyo ndiyo iliyokuwa na faida.

Mazoea haya yana historia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchi ilihitaji maelfu ya walimu kwa ajili ya elimu ya msingi kwa wote. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004 na shule za kata zikafunguliwa kila upande, tukapata walimu wa leseni, wahitimu wa Kidato cha Sita waliopitia kozi fupi na ambao wananchi waliwabandika jina la "voda fasta". Kila mara haraka ilikuwa ya kweli na shabaha ilikuwa njema, na kila mara muda wa kujifunza kazi ndio uliominywa. Leo wahitimu wa ualimu wanakaa miaka wakisubiri ajira. Hoja ya haraka haipo tena, lakini muundo uliotokana nayo tunao.

Tujipime pia na taaluma nyingine. Daktari husoma miaka mitano kisha hufanya mwaka wa mafunzo kazini chini ya uangalizi. Mwanasheria hatambuliwi kuwa wakili kabla ya mafunzo kwa vitendo, na tunayo taasisi ya sheria kwa kazi hiyo. Mhandisi anao mpango wa miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwalimu hukabidhiwa darasa kamili siku ya kuripoti. Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ilipitishwa mwaka 2018, kwa hiyo nchi imekwisha kukubali kuwa hii ni taaluma. Muundo wa shahada bado haujakubali.

Hoja za upande wa pili

Nitapendekeza mwalimu wa somo shuleni, yaani mwalimu mwenyeji, awe mkufunzi anayelipwa na kutoa alama. Pingamizi la kwanza ni fedha. Ni la haki, lakini tuangalie fedha zilizopo zinakwenda wapi: zinakwenda kwenye safari na posho za wasimamizi wanaofuata wanachuo waliotawanyika mikoa mingi. Wanachuo hao wametawanyika kwa sababu za msingi, kwani wengi huchagua shule iliyo karibu na kwao, ambako chakula na malazi si gharama, na fedha ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo hailingani na kodi ya chumba mjini. Nakiri pia kwamba shule za jirani na chuo haziwezi kupokea wote Julai moja. Lakini si lazima waende wote Julai. Siku moja kwa wiki shuleni katika mihula ya kawaida ingewagawa, na nauli ya ndani ya wilaya haifanani na safari ya siku mbili.

Pingamizi la pili ni kwamba walimu wa shule watawapa wanachuo alama za huruma. Huenda. Dawa ya huruma tunaijua: tasnifu zinasahihishwa na watu wawili na mtahini wa nje, na alama ya mwalimu mwenyeji inaweza kuoanishwa kwa njia hiyohiyo. Sioni kwa nini tukatae ushahidi wa aliyeona makumi ya vipindi tukaamini wa aliyeona vinne.

Wakuu wa shule wana wasiwasi wao kuhusu matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne, nao uheshimiwe. Lakini utaratibu wa sasa, ambapo darasa zima linakabidhiwa mgeni, ndio wenye hatari kubwa. Mwalimu tarajali na mwenye somo wakifundisha darasa moja kwa pamoja, mwenye somo haondoki.

Pingamizi zito ni la idara za masomo: wanachuo wanaingia wakiwa dhaifu, tukiwapunguzia maudhui watafundisha nini? Nakubali kwamba asiyelijua somo hawezi kuokolewa na mbinu. Lakini krediti za fildi hazihitaji kutoka huko. Andalio la somo hufundishwa katika kozi ya mbinu, likarudiwa katika kozi ya mitaala, likaguswa tena katika upimaji. Marudio hayo yakiunganishwa tutapata nafasi bila kugusa kemia wala fasihi. Kenya, ambako shahada ya ualimu ni ya miaka minne, mwanachuo hufundisha muhula mzima. Sisi wa miaka mitatu tunahitaji uangalifu zaidi katika kupanga krediti zetu.

Mapendekezo

Napendekeza kwanza kwamba mazoezi ya kufundisha yapewe mwenyewe: kitengo chenye wafanyakazi wa kudumu, bajeti yake na kiti katika bodi ya kitivo, badala ya mratibu anayeongezewa jukumu hilo juu ya kozi zake. Pili, mwalimu mwenyeji atambuliwe katika mtaala kwa cheo, mwongozo, semina na malipo, na alama yake ihesabiwe si chini ya nusu ya alama ya fildi, baada ya kuoanishwa. Narudia suala la malipo kwa sababu huwa la kwanza kufutwa: pasipo malipo, barua ya shukrani haitabadilisha chochote. Chuo pia kiingie makubaliano na shule chache za ushirika, za mjini na za vijijini, badala ya kuomba nafasi upya kila mwaka.

Kozi za mbinu zihamishiwe kwa sehemu shuleni, siku moja kwa wiki kuanzia muhula wa pili wa mwaka wa kwanza, zikifundishwa na mhadhiri pamoja na mwalimu wa somo husika. Msimamizi asitumwe kwenye somo lisilo lake. Fomu ya tathmini ipunguziwe vipengele vya mwonekano na iongezewe ushahidi wa kujifunza, yaani madaftari ya wanafunzi na maelezo ya mwalimu tarajali kuhusu makosa aliyoyakuta na alivyoyashughulikia. Kwa mtaala wa sekondari ulioboreshwa tunawataka wahitimu wapime umahiri, basi nao wapimwe kwa umahiri. Mazoezi ya kufundishana chuoni yafanyike kwa vikundi vidogo na kila mwanachuo apate nafasi ya kufundisha tena. Kama idadi hairuhusu, yahamie shuleni. Kwa Bodi ya Mikopo, naomba iangalie kuilipa fedha ya mafunzo kwa vitendo kwa mafungu yanayofuata mihula, ili utaratibu wa siku moja kwa wiki uwezekane.

La mwisho ni la utaratibu, na nalitoa kwa kuwa mapendekezo kama haya yamekwisha kuandikwa katika ripoti nyingi. Rasimu ya mtaala itakapopelekwa Seneti, sura ya mazoezi ya kufundisha iambatane na makubaliano yaliyotiwa saini na wakuu wa shule zitakazopokea wanachuo, orodha ya walimu wenyeji kwa kila somo, na kasma itakayowalipa. Vikikosekana hivyo vitatu, sura hiyo irudishwe idarani.