Joto, Msitu na Mbu: Mjadala wa Tabianchi katika Nyanda za Kakamega

Mada ya kipindi hiki ni mabadiliko ya tabianchi na namna wakazi wa Kakamega na majirani zao wanavyoweza kuyahimili. Tabianchi ni wastani wa hali ya hewa ya mahali kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka 30 au zaidi, na kwa hiyo mvua kubwa ya jioni moja pale Shinyalu, au kiangazi kikali cha Januari moja, peke yake haithibitishi wala haikanushi kwamba tabianchi imebadilika. Kinachothibitisha ni mwelekeo unaoonekana miaka nenda miaka rudi katika vipimo vilivyochukuliwa kwa uangalifu. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba wastani wa joto la uso wa dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selisiasi tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, linalojulikana kwa kifupi kama IPCC, lilitamka katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba hakuna shaka tena kuwa binadamu ndiye aliyeipasha joto dunia, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kufyeka misitu. Juu ya jambo hilo ubishi wa kisayansi umekwisha. Ubishi ambao ungali hai, na ambao unawagusa wakazi wa magharibi mwa Kenya moja kwa moja, ni kuhusu kile ambacho joto hilo linakifanya mahali mahususi, na kuhusu kiasi cha madhara kinachotokana na moshi wa nchi za mbali kikilinganishwa na kile kinachotokana na matumizi ya ardhi papa hapa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa malaria ya nyanda za juu. Vimelea vya malaria kali, vikishafyonzwa na mbu pamoja na damu ya mgonjwa, havina budi kukomaa ndani ya mwili wa mbu huyo kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine, na kasi ya kukomaa huko hutegemea joto. Kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu kwa miaka mingi, katika joto la nyuzi 25 vimelea hukomaa kwa takriban siku 12, katika nyuzi 20 huhitaji takriban siku 28, na katika nyuzi 18 huhitaji karibu siku 56, ambao ni muda mrefu kuliko umri ambao mbu wengi huufikia. Ndiyo maana kwa vizazi kadhaa watu wa sehemu za juu waliugua malaria kwa nadra kuliko jamaa zao wa kando ya Ziwa Viktoria, na ndiyo maana pia ongezeko dogo la joto, ambalo mtu anayetembea barabarani asingelihisi hata kidogo, linaweza kugeuza bonde lililokuwa salama likawa bonde la maradhi.

Malaria ilipoanza kurudi kwa nguvu katika nyanda za juu za Afrika Mashariki katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wanasayansi walitofautiana vikali kuhusu chanzo chake. Mwaka 2002 kundi moja la watafiti, wakiongozwa na Simon Hay, lilichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa maeneo manne, likiwamo Kericho nchini Kenya na Kabale nchini Uganda, likadai kwamba takwimu za tabianchi za maeneo hayo hazikuonyesha badiliko la maana, na kwamba ilifaa kutafuta sababu nyingine, kama vile dawa ya klorokwini kushindwa kufanya kazi kwa kuwa vimelea vilikuwa vimeizoea. Miaka minne baadaye watafiti wengine, wakiongozwa na Mercedes Pascual, waliyarudia maeneo hayo hayo kwa njia tofauti ya hesabu na kwa takwimu za miaka zaidi, wakakuta kwamba joto lilikuwa limepanda. Kisha mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walizipitia kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa cha Kericho kwa kipindi cha miongo mitatu, nao wakapata ongezeko la takriban nyuzi 0.2 kwa kila muongo. Mjadala huo haupaswi kuchukuliwa kama aibu kwa sayansi, kwa sababu kila upande uliulazimisha mwingine kuzikagua takwimu upya, na mwisho wake ulikuwa ufahamu ulio kamili zaidi: joto lilikuwa limepanda kweli, na dawa zilikuwa zimeshindwa kweli, na mambo hayo mawili yalisaidiana kuwaumiza watu.

Kakamega iliuongezea mjadala huo jambo la tatu, nalo huenda ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa wasikilizaji wa eneo hili. Katika eneo la Iguhu, kusini mwa mji wa Kakamega, watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na wenzao wa kigeni, walilinganisha nyumba zilizo karibu na msitu na nyumba zilizo mahali ambapo miti ilikuwa imefyekwa, wakakuta kwamba ndani ya nyumba za sehemu zilizofyekwa joto lilizidi kwa karibu nyuzi 1, na kwamba mbu wa sehemu hizo walimeng'enya damu na kutaga mayai kwa haraka zaidi. Hali ilikuwa hivyo hivyo katika madimbwi, kwani maji yanayopigwa na jua kwenye bonde lililolimwa hadi ukingoni huwakuza viluwiluwi upesi kuliko maji yaliyo chini ya kivuli cha miti na mafunjo. Uzito wa matokeo hayo ni kwamba ukataji wa miti katika kijiji kimoja uliweza kukipandishia kijiji hicho joto linalokaribia lile ambalo dunia nzima imelipata kwa zaidi ya karne moja ya viwanda, na madhara yake yakaonekana katika muda mfupi sana.

Ni vyema hapa kuueleza msitu wenyewe. Msitu wa Kakamega ni mabaki ya mwisho nchini Kenya ya aina ya msitu wa mvua uliokuwa umetanda kutoka Afrika ya Kati, na ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, wakati ambapo watafuta dhahabu walikuwa wamefurika katika eneo hilo. Mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini, upande wa Buyangu, ilifanywa hifadhi ya taifa chini ya wahifadhi wa wanyamapori, ilhali sehemu ya kusini, upande wa Isecheno, ilibaki chini ya idara ya misitu. Mito Isiukhu na Yala hupita humo ikielekea Ziwa Viktoria, na maji ya Isiukhu huingia katika mto Nzoia, ambao mafuriko yake yamewahamisha watu wa Budalang'i, huko bondeni, mara nyingi mno. Mti unaosimama Kakamega hulizuia tone la mvua lisiubomoe udongo, hulipenyeza ardhini polepole, kisha huyarudisha angani maji mengine kupitia majani yake, hivyo kwamba mkazi wa Budalang'i, ambaye pengine hajaukanyaga msitu huo, ana haki ya kujali kama umetunzwa au umeporwa.

Hata hivyo, kuwaambia watu wausalimishe msitu bila kuwapa njia mbadala ya kupikia na kujipatia riziki ni kuwadhulumu. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta kaunti hii na wakazi 1,867,579, zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba, ambao wengi wao huishi kwenye vishamba vidogo vilivyogawanywa kwa urithi mara nyingi, na mpaka wa msitu huo ni mpaka wa kuni, wa malisho na wa dawa za asili. Kwa sababu ya mahitaji ya aina hii Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwapa wanajamii nafasi ya kuunda vyama vya kusimamia misitu kwa ubia na serikali. Baadhi ya makundi yalitangulia na mengine yakafuata: kundi la wakulima wa Muliru, linalolima mmea wa jamii ya kivumbasi na kuukamua mafuta ya kutengenezea dawa ya kuchua, lilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010. Majiko sanifu ya udongo yanayotumia kuni chache yamepunguza mzigo wa kichwani kwa akina mama wengi, na moshi wa jikoni pia. Hayo ni mafanikio madogo yakilinganishwa na ukubwa wa tatizo, lakini ni ya kweli, nayo yametokana na watu waliokaa na msitu.

Suala la mvua ni gumu zaidi. Miundo ya kompyuta inayotumiwa kubashiri tabianchi ya karne hii kwa jumla huonyesha kwamba Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi, ilhali vipimo vya ardhini vilionyesha kwamba mvua za masika, zile za Machi hadi Mei, zilipungua katika sehemu kubwa ya ukanda huu kuanzia miaka ya 1980 kwa muda wa miongo kadhaa. Mgongano huo umewashughulisha wanasayansi kwa miaka mingi. Wakati huohuo mambo yamekuwa ya kupindukia pande zote mbili: kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya, Somalia na Ethiopia, kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua mamia ya watu nchini Kenya. Magharibi mwa Kenya hakukupata ukame wa namna ile, kwa kuwa ziwa na misitu ya Kongo huendelea kulipelekea eneo hilo unyevu, lakini mkulima wa Kakamega anakabiliwa na tatizo lake mwenyewe, yaani mvua inayoanza, ikamshawishi apande mahindi na kutia mbolea, kisha ikakatika kwa wiki tatu na mbegu zikaozea au kukaukia ardhini.

Ni katika suala la utabiri ambapo jirani wa karibu ametoa funzo ambalo halina budi kutajwa. Huko Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga ambayo hadi mwaka 1990 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega, ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi vingi kwa ujuzi wa mvua, ukisoma mwelekeo wa upepo, uchanuaji na upukutishaji wa miti fulani, na mienendo ya ndege, vyura na siafu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya na kituo cha tabianchi cha jumuiya ya kikanda ya IGAD, ICPAC, zilianza kukutana na wazee wa ukoo huo kabla ya msimu, kila upande ukitoa utabiri wake, kisha wakatoa kauli moja ambayo ilitangazwa kwa lugha ya wenyeji. Kuna waliouona mpango huo kuwa ni kuipa baraka imani isiyothibitishwa, na pingamizi lao lina uzito, kwa sababu dalili za miti na ndege zilijengwa katika tabianchi ambayo sasa inahama. Lakini utabiri usioaminiwa hauotoshi mbegu hata moja, na wazee wa Nganyi waliaminiwa. Zaidi ya hayo, vichaka vyao vitakatifu vimehifadhi miti ya asili ambayo kwingineko imetoweka.

Shambani nako kuna mbinu zilizojaribiwa na kuthibitika. Watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Mbita, kando ya ziwa, walibuni katika miaka ya 1990 mfumo ambao mahindi hupandwa pamoja na desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde ambao harufu yake huwafukuza vipepeo wa funza wa mabua na ambao mizizi yake hulidhoofisha gugu la kiduha, huku ukingoni mwa shamba kukipandwa nyasi zinazowavutia wadudu hao na kulisha ng'ombe. Baadaye aina zinazostahimili ukavu zaidi zilichaguliwa, na mfumo huo ulionekana kuwasaidia wakulima hata dhidi ya viwavi jeshi waliovamia Kenya mwaka 2017. Mboga za kienyeji kama vile mrenda, saga, managu na kunde, ambazo zamani zilidharauliwa, hukomaa kwa wiki chache na hivyo humpa mkulima chakula na fedha hata msimu ukivurugika.

Lipo pia kosa linalofanywa kwa jina la kupanda miti, nalo linastahili kulaumiwa waziwazi. Mikaratusi hukua upesi na huuzwa kwa nguzo na mbao, kwa hiyo wengi wameipanda hadi kwenye chemchemi na kingo za mito, ilhali mti huo hunywa maji mengi na haufai kabisa mahali pa namna hiyo. Hesabu ya miti iliyopandwa haimaanishi chochote pasipo kuuliza ni miti gani na imepandwa wapi.

Kenya huchangia sehemu ndogo sana ya gesijoto za dunia, yaani gesi zinazonasa joto hewani, na ni haki kwamba nchi zilizotajirika kwa moshi zigharimie sehemu ya mzigo wa kuyahimili mabadiliko haya. Fedha kidogo zimeanza kufika: chini ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 na mpango wa kitaifa wa ufadhili wa hatua za mashinani ulioanza 2021, kaunti hupokea fedha za miradi ambayo kamati za wadi huipendekeza. Katiba ya 2010 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa katika maamuzi hayo. Wasikilizaji wa Kakamega wanahimizwa kuzitafuta kamati za wadi zao kabla mipango ya mwaka haijapitishwa, na kudai majibu ya maswali mawili: ni chemchemi zipi zitakazoondolewa mikaratusi na kuzungushiwa miti ya asili, na nani atakayeihesabu miti hiyo itakapotimiza miaka mitatu.