Mfalme Alikufa Lini?



Nimeombwa niseme machache juu ya historia ya kwetu. Nitauliza swali moja: Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu wa Usambara, alikufa lini? Vitabu vinapishana. Kimoja husema 1862, kingine miaka kadhaa baadaye.

Msishangae. Kwa desturi ya Vuga, kifo cha mfalme kilifichwa mpaka mrithi aletwe kutoka Bumbuli na watu wamwitikie "Simba Mwene". Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, ametusimulia mengi ya utawala huo, lakini hupanga mambo kwa watawala na vita vyao, si kwa kalenda.

Basi tuwaite mashahidi mmoja mmoja, kama barazani. Krapf alifika Vuga 1848, na tena 1852, akamkuta Kimweri akitawala. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta mzee mgonjwa, akiomba dawa ya kumrudishia nguvu. Kwa hiyo alikuwa hai mwaka huo, lakini jua lake lilikuwa limekwisha kuinama. Ndipo Steven Feierman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wetu na kutoa kitabu 1974, akataja 1862. Mimi nauona mwaka huo una nguvu zaidi. Siku yenyewe waliijua waliomzika, nao walifunga midomo.

Nami jambo hili lilinipata nyumbani. Tulipotaka kujenga kaburi la baba, kaka alishika 1967, shangazi akashika 1968. Maneno yakawa makali hata wakanuniana. Mama ndiye aliyekumbuka kwamba kitinda mimba wetu alizaliwa kabla ya matanga kuondoka. Tukatafuta cheti chake cha kuzaliwa: Machi 1968. Kaka akanyamaza, kisha akacheka. Tukaandika mwezi na mwaka. Siku hatukuipata, wala hatukuibuni.

Wanafunzi, likizo hii nendeni kwa wazee na daftari. Msiulize tu, "Mwaka gani?" Ulizeni ilikuwa mvua gani, nani alizaliwa, nani alioa. Andikeni na jina la aliyesema. Kila mkutano wetu huu, tunahesabu wenzetu waliopungua.