Yai Moja kwa Mwaka

Mazungumzo kwa wanakisomo wa vijiji vya wavuvi



Leo nitasema juu ya ndege wa baharini. Najua wengine watanong'ona: "Sisi tunataka habari za samaki, huyu anatuletea habari za ndege!" Ngojeni kidogo. Mtaona kwamba habari hizi mbili zinakwenda pamoja.

Ndege mwenyewe ni buabua. Watu wengi humchanganya na shakwe. Shakwe ni mnene, naye hupenda kuokota mabaki ufukweni. Buabua ni mwembamba. Mabawa yake ni marefu na yamechongoka, na mkia wake una panda. Wako buabua wa aina nyingi. Leo nasema juu ya mmoja tu, yule mwenye mgongo mweusi, tumbo jeupe na paji jeupe.

Mvuvi akiona kundi la ndege hawa linazunguka mbali baharini, hugeuza chombo na kwenda huko. Kwa nini? Kwa sababu jodari wako chini wanafukuza samaki wadogo. Samaki wadogo wanakimbilia juu, na ndege wanawadaka. Buabua huyu hapendi kutua majini, maana manyoya yake hayazuii maji vizuri. Hudaka chakula chake huku anaruka. Basi ndege anamtegemea jodari, na mvuvi anamtegemea ndege.

Sasa tuseme juu ya mayai yake. Kuku wetu hutaga mayai kumi au zaidi, na ukimchukulia mengine huendelea kutaga. Buabua huyu sivyo. Hutaga yai moja tu, chini juu ya ardhi, bila kujenga kiota. Baba na mama hulilalia kwa zamu, karibu wiki nne. Kinda akitoka, hulishwa kiasi cha miezi miwili ndipo aweze kuruka. Kisha huenda baharini na kukaa huko miaka kadhaa bila kurudi kutaga.

Haya yamejulikanaje? Yamejulikana kwa uchunguzi wa miaka mingi. Katika visiwa vya Shelisheli watu wamekula mayai ya ndege hawa tangu zamani, na mayai mengi sana yaliuzwa. Mwaka 1955 wataalamu wawili, Ridley na Percy, walichunguza visiwa hivyo kwa sababu ya uchukuaji huo wa mayai. Mwaka 1972 mtaalamu mwingine, Chris Feare, alianza kazi katika kisiwa kiitwacho Bird, akaiendeleza kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Unamkamata ndege, unamvika mguuni pete ndogo yenye namba, unaandika namba na tarehe katika daftari, unamwachia. Miaka ikipita unamkamata tena, unasoma namba, unajua umri wake. Mnaona, wanakisomo? Ni kusoma, kuandika na kuhesabu, basi. Kwa njia hiyo imejulikana kwamba wengi huanza kutaga wakiwa na miaka minne mpaka sita, na wengine huchelewa zaidi. Tena imejulikana kwamba ndege huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 30.

Hapo ndipo penye hatari. Mzee mmoja aweza kusema: "Mimi nimekula mayai haya tangu utoto wangu, na ndege bado wamejaa kisiwani." Ni kweli, mzee wangu. Lakini ndege unaowaona ni wa umri gani? Fikiri kijiji ambacho watoto hawazaliwi. Mwaka wa kwanza hutaona tofauti. Mwaka wa kumi bado utaona watu barazani. Lakini ni wazee watupu. Wakianza kufa, hakuna wa kushika nafasi zao. Kundi la ndege wanaoishi muda mrefu huweza kudanganya macho namna hiyo hiyo.

Mwingine atauliza: "Yai likichukuliwa, si atataga jingine?" Mara nyingine hutaga, kama yai la kwanza limechukuliwa mapema. Lakini watu wakirudi tena na tena, msimu utakwisha bila kinda.

Na hasara si mayai yaliyoingia kikapuni tu. Watu wakipita katikati ya ndege, wote huruka. Mayai na makinda hubaki juani na huweza kufa kwa joto.

Jambo hili si la Shelisheli peke yake. Kusini mashariki ya Unguja, mbali baharini, kiko kisiwa kidogo kisicho na miti, Fungu Mbaraka. Wengine hukiita Fungu Kizimkazi. Buabua hawa hutaga huko, na wavuvi wetu hufika huko.

Basi tufanyeje? Nashauri mambo matatu:

1. Tusichukue mayai ya buabua. Mayai ya kula tufuge kuku.

2. Tukilazimika kushuka kisiwani wakati wa kutaga, tupite pembeni, tusikae karibu na ndege.

3. Tukague vyombo vyetu, tusipeleke panya wala paka. Panya hula mayai na makinda, na paka huua hata ndege wakubwa.

Ndugu zangu, mkirudi nyumbani zungumzeni jambo hili na manahodha. Waulizeni: siku ambayo hakuna ndege angani, utajuaje jodari wako wapi?

 Sasa nangoja maswali yenu.