Mgeni asiyemchagua rais, lakini apigaye kura maabarani

Mtafiti kutoka Afrika Mashariki aliyeingia Marekani kwa viza ya muda hana sauti katika uchaguzi wa rais wa nchi hiyo, wala katika ule wa gavana wa jimbo anamoishi. Hata hivyo, ipo kura moja anayoipiga sawasawa na mzaliwa wa New York au Texas, nayo ni ile ya kuamua iwapo yeye na wenzake kazini wawakilishwe na chama cha wafanyakazi. Sheria ya kazi ya mwaka 1935, iliyotiwa saini na Rais Franklin Roosevelt, haimuulizi mpiga kura uraia wake. Inamuuliza kama ni mwajiriwa.

Na hapo ndipo penye mzozo. Mtafiti anayezungumziwa hapa ni yule aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, akaajiriwa kwa miaka michache katika maabara ya profesa, huku akingojea nafasi ya kudumu ambayo aghalabu haiji. Si mwanafunzi, kwani masomo ameyamaliza. Si mhadhiri, kwani hana darasa. Ndiye anayeamka usiku kwenda kutazama chembe hai zinazokuzwa katika vyombo, na jina lake ndilo hutangulia katika makala za kisayansi. Lakini kwa miaka mingi vyuo vilipendelea kumwita mwanagenzi, na mwanagenzi hupewa posho badala ya mshahara.

Zaidi ya nusu ya watafiti hao nchini Marekani ni wageni wenye viza za muda. Chukua mfano wa daktari wa sayansi aliyesomea Makerere au Muhimbili, akaitwa ng'ambo kufanya utafiti wa malaria kwa viza ya J-1. Ruhusa yake ya kukaa nchini, na ya mkewe na watoto, imefungamana na ajira yake, na ajira hiyo mara nyingi huandikwa kwa mwaka mmoja mmoja. Profesa asipoirefusha, familia nzima hufungasha mizigo. Mtu wa namna hiyo akidhulumiwa, atamshitakia nani? Profesa huyo huyo ndiye atakayemwandikia barua ya sifa anapotafuta kazi nyingine.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kuueleza. Katika vyuo vya binafsi, asilimia 30 ya wahusika wakitia saini kadi za kutaka chama, Bodi ya Taifa ya Uhusiano Kazini inaweza kuitisha uchaguzi wa siri. Karatasi ya kura ina swali moja, lenye majibu mawili: ndiyo au hapana. Huhesabiwa kura zilizopigwa tu. Anayebaki nyumbani huwaachia wengine uamuzi. Upande wa ndiyo ukishindwa, hapana kura nyingine kabla ya miezi 12 kupita. Kumwadhibu mtu kwa kuunga mkono chama ni kosa kisheria, awe raia au mgeni, ingawa hofu haiondolewi na kifungu cha sheria peke yake.

Kwa njia hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walipiga kura Oktoba 2018, na wengi wakasema ndiyo. Mkataba wao wa kwanza ulipatikana mwaka 2020. Huenda msikilizaji akashangaa kusikia kwamba chama walichojiunga nacho ni UAW, chama cha waunda magari kilichoasisiwa Detroit mwaka 1935. Viwanda vya magari vilipopunguza watu, chama hicho kiligeukia vyuo vikuu, na sasa makumi ya maelfu ya wanachama wake hushika darubini, si spana.

Vyuo vya umma hufuata sheria za majimbo, na majimbo hayalingani. North Carolina imepiga marufuku mikataba ya pamoja ya watumishi wa umma tangu 1959. California ni kinyume chake: mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walitambuliwa kwa saini za kadi tu, bila uchaguzi. Novemba 2022 walikuwa miongoni mwa wafanyakazi 48,000 wa chuo hicho waliogoma, mgomo mkubwa kuliko wote katika historia ya elimu ya juu nchini humo. Walirudi kazini Desemba wakiwa na nyongeza ya mshahara, ruzuku ya malezi ya watoto, na ajira ya kwanza ya miaka miwili badala ya mmoja. Kwa mwenye viza, hilo la mwisho pengine lilizidi fedha.

Maprofesa wanaopinga nao wana hoja isiyofaa kubezwa. Mshahara wa mtafiti hutoka katika ruzuku ya profesa, na kiwango cha juu cha bajeti ya kawaida ya ruzuku mashuhuri ya R01 kiliwekwa dola 250,000 kwa mwaka mnamo 1999, kikakaa hapo kwa zaidi ya miaka 20 huku bei zikipanda. Mshahara ukiongezeka na ruzuku isiongezeke, maabara iliyokuwa na watafiti watatu hubaki na wawili. Lakini ni vigumu kuona kwa nini pengo hilo lizibwe na mfuko wa mwenye kipato kidogo kuliko wote chumbani.

Desemba 2023 ilikuwa zamu ya watafiti chipukizi wa Taasisi za Taifa za Afya, ambazo makao yake makuu yako Bethesda, jirani na Washington. Waliosema ndiyo walikuwa 1,601. Waliosema hapana, 36. Ushindi ulikuwa mkubwa, ila waliokuwa na haki ya kupiga kura walikaribia 5,000, na wengi wao hawakufika sandukuni. Hao nao, kwa mujibu wa sheria, waliingia chini ya uwakilishi ule ule, pasipo haki ya kugoma, kwani watumishi wa serikali kuu hawaruhusiwi. Waongoza ndege waliojaribu mwaka 1981 walifukuzwa kazi zaidi ya 11,000.