Mabati Haina Parti

(Maneno yenye memba mumoja alisema pa Moba, kisha muchezo wa teatre wa vijana wetu)



Mumecheka, nilisikia. Mimi pia nilicheka mupaka machozi. Sasa mukae kidogo, sitakawia.

Kwa wale walifika nyuma, muchezo uko hivi. Baba ni mulimaji, anashikilia Parti ya Jembe. Mutoto wake ni muvuvi, anashikilia Parti ya Wavu. Wanaishi nyumba moja. Kampanye inafika, na kila mumoja anasema: siwezi kulala chini ya mabati ya mupinzani! Wanapanda juu, wanahesabu, kila mutu anatosha mabati yake. Bibi peke yake hana shida: amevaa tishati ya Jembe na kikwembe cha Wavu, juu vyote viwili walimupa bure. Kisha mvua inanyesha. Na wale wakubwa wa parti, wenye walikuwa wanatukanana ku mukutano, wanapita ndani ya motokari moja, wanakula kuku moja.

Watu wengine wameniuliza: mambo ya siasa inaingia namna gani ndani ya shirika la kusaidiana? Nitajibu.

Wakati tulitoka ku kambi za Kala na Mwange, kule Zambia, kuanzia mwaka 2007, tulipanda mashua pa Mpulungu, tukashuka hapa Moba. Hakuna mutu aliuliza jirani yake: uko parti gani? Tuliulizana: uko na jembe? Uko na sufuria? Nani atakusaidia kupandisha ukuta? Shirika letu lilizaliwa pale.

Kisha uchaguzi ukafika: 2011, 2018, na ule wa tarehe 20 Desemba 2023. Kila mara tulivunjika kidogo zaidi. Kisha ule wa mwisho, upepo ulibeba mabati ya ndugu mumoja. Sheria yetu iko wazi: nyumba ikiharibika, kila memba anatoa kitu yake ku sanduku, na anakuja siku moja kutumika. Lakini wengi hawakuja. Walisema: aende kuomba mabati kwa kandida wake! Ule ndugu alilala na watoto chini ya plastiki wiki tatu, wakati wa mvua.

Mumoja wa wale walikataa kutoa ni mimi. Na ule ndugu ni mudogo wangu, tumbo moja.

Vijana walipokuja kuniomba ruhusa ya kucheza ile habari, nilikasirika. Kisha nikawaambia: mucheze, lakini musitaje mutu. Leo nimejitaja mwenyewe.

Wazee wanakumbuka kundi la Mufwankolo, kule Lubumbashi, wenye walituchekesha kwa Kiswahili ku radio na ku televizyo. Mwaka 1986 walitengeneza muchezo juu ya mezali hii: ukubwa unakuliwa muzima, haugawanywe. Ni kweli, wakubwa wanaukula muzima. Lakini sisi hatuna ukubwa wa kukula. Tuko na mabati, tuko na sanduku, na hivi vinafaa tu kama tunavigawanya.

Kwa hiyo ninaomba mambo tatu. Ya kwanza: tuandike ndani ya sheria yetu kama hakuna mutu atauliza parti ya mwenye anapata taabu. Ya pili: sisi wenye hatukutoa, tulipe deni yetu. Yangu nimeiweka leo asubuhi mikononi mwa mutunza feza, na amenipa risiti. Ya tatu, kwa wafazili: hatuombe tishati, tuko nazo nyingi kuliko mashati! Mutusaidie na taa, esanse ya mashine, na safari ya vijana, kusudi muchezo huu ufike Kirungu na vijiji vya pembeni mbele ya kampanye ingine.

Ninamaliza. Leo mudogo wangu alikaa ku banki ya kule ngambo, mimi huku. Miezi mingi hatukusalimiana. Muchezo ulipoisha, alikuja polepole, akainama pa sikio yangu. Nilizani atanitukana. Alisema: «Yaya, wale vijana wamekosea hesabu. Mabati yangu yalikuwa kumi na mbili, hayakuwa tisa.»

Nilimujibu: kesho asubuhi nitakuja kuhesabu mwenyewe, na nyundo nitaleta.